Kurasa 800 zilizopangwa, 302 zilizosomwa: uchambuzi wa kisa cha marathoni ya kusoma ya saa 24

Marathoni ya kusoma ni siku moja ambayo watu wengi, kila mmoja mahali pake na kitabu chake, huanza kusoma kwa wakati mmoja na kuendelea kadiri wawezavyo huku wakipashana habari. Iko aina nyingine, ya kukaa pamoja na kusoma kitabu kimoja kwa sauti kwa kupokezana, lakini hiyo ina mambo yake na hatutaigusa. Aina ya kwanza ilipata umaarufu kupitia Dewey's 24 Hour Readathon, iliyoanza mwaka 2007. Mwanzilishi wake, aliyejulikana kwa jina la Dewey, alifariki mwaka uliofuata, na wenzake wakaiendeleza kwa jina lake. Utaratibu wake ndio unaoigwa na vikundi vingi hadi leo: maswali ya kufungua, ya katikati na ya kufunga, michezo midogo njiani, na watu waliojitolea kushangilia wenzao.

Kisa kilichopo hapa ni cha mfano. Tumekiunda kutokana na makosa yanayojirudia katika marathoni hizi, na namba zake tumezichagua ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

Msomaji wetu ni mtu mzima anayesoma kila siku. Amejiunga na marathoni ya kikundi cha watu 60, kuanzia saa 3:00 asubuhi Jumamosi hadi saa 3:00 asubuhi Jumapili. Anajua kuwa husoma kurasa 40 kwa saa. Ametenga saa 4 za kula, kuoga na kupumzika, zikabaki 20. Mara 40, kurasa 800. Basi akatoa rafuni vitabu vitatu vinavyotimiza hesabu hiyo: riwaya ya kurasa 420, kitabu cha historia cha kurasa 250, na riwaya fupi ya kurasa 130.

Siku ilipokwisha alikuwa amesoma kurasa 302. Hakuna hata kitabu kimoja kilichofika mwisho.

Kwa bahati nzuri aliandika kila kipindi kwenye daftari, mstari mmoja mmoja kama huu: "6:40–7:25 mchana, uk. 71–97." Mstari wa namna hiyo unachukua sekunde kumi kuandika na ndio unaotuwezesha kujua kilichotokea. Bila huo angebaki kusema "usingizi ulinishinda", na angekosea.

Daftari linaonyesha hivi. Saa 3:00 hadi 6:00, katika saa 3 za kwanza, alisoma dakika 95 tu, kwa kasi yake ya kawaida: kurasa 63 za ile riwaya kubwa. Saa 6:00 mchana hadi 11:00 jioni alisoma dakika 170 kati ya 300, kasi ikashuka kidogo hadi kurasa 35 kwa saa: kurasa 99. Jioni hadi saa 4:00 usiku riwaya ikamchosha akaingia kwenye historia: dakika 150, kurasa 65. Saa 4:00 hadi 9:00 usiku: dakika 135, kurasa 45. Akasoma nusu saa nyingine, kurasa 10, kisha saa 9:30 usiku akajilaza kitandani "dakika 20 tu" na kuamka saa 2:00 asubuhi. Dakika 40 kabla ya kengele ya mwisho akanyakua riwaya fupi na kusoma kurasa 20.

Jumla ni dakika 620, yaani saa 10 na dakika 20 za kusoma. Sasa gawa pengo. Kati ya mpango na matokeo kuna upungufu wa kurasa 498. Angesoma saa hizo hizo 10 na dakika 20 kwa kasi yake kamili ya 40, angefikisha kurasa 413. Kwa hiyo kupungua kwa kasi, yaani uchovu, macho na ugumu wa kitabu, kulimnyima kurasa 111. Zile 387 zilizobaki zilipotea kwa sababu nyingine kabisa: hakuwa anasoma.

Wala usikimbilie kuulaumu usingizi. Alilala saa 4 na nusu. Ukizitoa hizo na muda wa kusoma kwenye saa 24, zinabaki saa 9 na dakika 10 ambazo alikuwa macho, vitabu viko pembeni, na hasomi. Karibu sawa na muda aliosoma. Tukimwambia mtu mmoja jambo moja tu kabla ya marathoni, ni hili: panga kwa dakika za macho kwenye ukurasa, kwa sababu saa 24 za tukio na saa za kusoma ni vitu viwili tofauti.

Asubuhi iliyoliwa na kundi

Tuangalie saa 3 za kwanza kwa karibu, maana hapo akili ilikuwa mpya, nyumba kimya, na hakuna aliyechoka. Dakika 85 zilikwenda wapi? Dakika 25 zilikwenda kwenye maswali ya kufungua na kupiga picha ya rundo la vitabu: kuvipanga, kupiga, kuvipanga tena mgongo uonekane, kutuma. Dakika 15 ni chai. Dakika 45 zilizobaki ni ujumbe. Watu 60 wanaposalimiana asubuhi moja, simu hailali. Kila mmoja anataja anachosoma, mwingine anasema alikipenda, wa tatu anauliza kinapatikana wapi. Yote ni mazungumzo mazuri, na ndiyo yanayofanya watu wapende kujiunga. Tatizo ni kwamba yalimjia katikati ya kusoma.

Kuangalia ujumbe kwa dakika moja hakugharimu dakika moja. Ukirudi kitabuni unaanza kutafuta ulipoishia, unasoma tena aya nzima, wakati mwingine ukurasa mzima, ndipo hadithi ikushike tena. Weka makisio ya dakika 3 kwa kila mkatizo. Mara 15 ndani ya asubuhi, na dakika 45 zimekwisha, ingawa ukiulizwa utaapa kwamba hukushika simu zaidi ya robo saa.

Dawa yake si kuzima simu siku nzima. Anayefanya hivyo anasoma peke yake, na ifikapo saa 7 usiku hana wa kumsukuma. Dawa ni vipindi. Soma dakika 45 simu ikiwa chumba kingine, kisha dakika 10 za kundi, maji na kunyoosha mgongo. Kipima muda kiwe kifaa kingine, hata saa ya jikoni, kwa sababu ukitumia simu kupima muda utakuwa umeileta mwenyewe mezani. Picha na majibu ya kufungua viandaliwe usiku wa kuamkia siku hiyo, vibaki kutumwa tu.

Sehemu ya lawama hapa ni ya waandaaji. Walikuwa na kundi moja tu, matangazo na soga humo humo, na waliuliza swali jipya kila saa. Msomaji anayeogopa kupitwa na tangazo analazimika kupitia ujumbe 80 wa salamu. Kundi la watu zaidi ya 20 linahitaji njia mbili: moja ya matangazo ambamo waandaaji pekee wanaandika, nyingine ya soga. Maswali matatu ya pamoja yanatosha, mwanzo, katikati na mwisho. Michezo midogo iwe ya dakika 5 isiyomtoa mtu kitabuni: taja sentensi iliyokugusa ndani ya kurasa 10 zilizopita, taja mhusika ambaye ungemnyima ufunguo wa nyumba yako.

Waandaaji pia ndio wenye kazi ya kuandika saa ya kuanza bila utata. Tangazo la "09:00" likimfikia mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili, anaweza kuisoma kama saa 9 alasiri na kuchelewa kwa saa 6. Andika "saa 3:00 asubuhi (09:00)", na kama washiriki wako katika majira tofauti, ongeza saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ya kulinganishia majira.

Kwa nini kurasa 40 kwa saa haikuwa namba sahihi

Kurasa hazilingani. Kitabu chenye mistari 28 ya maneno 9 kina maneno 252 kwa ukurasa, na chenye mistari 38 ya maneno 11 kina 418. Kurasa 40 za kitabu cha pili ni kama 66 za kile cha kwanza. Msomaji wetu alipata namba yake kwenye riwaya nyepesi za jioni, akaipeleka kwenye historia yenye herufi ndogo, tarehe na tanbihi. Hapo 26 kwa saa ni kasi nzuri, wala si uzembe.

Makosa mengine hutokana na kuchukua namba za kasi ya kusoma zinazozungumzwa kuhusu Kiingereza. Katika utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha lugha 17, wasomaji wa Kiingereza walisoma kwa sauti wastani wa maneno 228 kwa dakika, wa Kituruki 166, na wa Kifini 161. Waturuki na Wafini si wazito wa kusoma. Lugha zao hubeba mengi ndani ya neno moja, kama Kiswahili kinavyofanya. Kwa hiyo usijipime kwa maneno ya lugha nyingine. Chukua kitabu chenyewe utakachosoma, fungua katikati ambako hadithi imeshakolea, soma dakika 15, hesabu kurasa, zidisha mara 4. Fanya hivyo kwa kila kitabu cha rundo. Kisha punguza thuluthi moja kwa ajili ya saa za usiku, kwa sababu hata kwenye kitabu rahisi hutabaki na kasi ya asubuhi.

Rundo lenyewe

Vitabu vitatu, viwili kati yake vizito: hili ndilo kosa tunalolisikitikia zaidi, kwa kuwa lilimnyima furaha ya kumaliza. Riwaya ya kurasa 420 aliiacha ukurasa wa 162. Historia akaiacha chini ya nusu. Hamu ya kuendelea hushuka mtu anapoona kitabu hakisogei, na hupanda kila anapofunga jalada la mwisho. Kwa hiyo rundo la marathoni liwe la vitabu vingi vyembamba, sita au saba, na kimoja tu kikubwa kama roho inakitaka. Na kikubwa hicho kianze kusomwa siku mbili kabla, ukiwa umeshawajua wahusika. Kurasa 50 za mwanzo za riwaya yoyote ndizo zinazokwenda polepole kuliko zote.

Mpangilio ufuate saa za mwili. Saa 4 za kwanza ni za kitabu kigumu. Hakuna wakati mwingine utakaokifaa. Kati ya saa 8 na 10 mchana miili ya watu wengi hulegea hata kama hawakula sana, basi hapo ziwekwe hadithi fupi, au kitabu cha kusikiliza ukiwa unatembea au unaosha vyombo. Vikundi vingi huhesabu kusikiliza kama kusoma. Uliza mapema, kisha andika dakika badala ya kurasa. Jioni iwe ya riwaya ya kasi, yenye siri inayosubiri kufichuka. Baada ya saa 5 usiku weka vibonzo, diwani ya mashairi na tamthilia. Tamthilia ina faida ambayo haitajwi vya kutosha: mistari yake ni mifupi, na ukiisoma kwa sauti, ukibadilisha sauti kwa kila mhusika, ni vigumu kusinzia. Msomaji wetu saa hizo alikuwa kwenye sura ya ushuru wa bandari.

Ukichoka na kitabu, usikisukume zaidi ya vipindi viwili. Lakini kabla ya kukiweka, andika mistari mitatu kwenye karatasi na kuibana humo: nani na nani, wako wapi, kipi kinasubiriwa. Kitabu kilichoachwa bila karatasi hiyo mara nyingi hurudishwa rafuni kikiwa na kialamisho ndani na kusahaulika.

Usiku

Mtu aliyetulia hupepesa macho takriban mara 17 kwa dakika. Akisoma hushuka hadi mara 4 au 5. Saa kadhaa za hali hiyo na jicho linakauka, linawasha, herufi zinaanza kuwa na kivuli, na msomaji anadhani ni usingizi. Kila dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20, na upepese kwa makusudi. Wanaovaa lenzi za machoni wazivue jioni na kuvaa miwani. Taa moja kali mbele ya uso ni mbaya. Taa ya juu iwake kwa mwanga wa wastani na nyingine itoke nyuma ya bega, imulike ukurasa na si jicho. Umbali wa kitabu uwe kama sentimita 40. Ukijikuta umekisogeza hadi 25, ama mwanga ni hafifu ama umechoka.

Shingo huuma kabla ya macho. Kitabu kikiwa mapajani kichwa kinaning'inia, basi weka mto mapajani, au kitabu kiegemee meza, na ubadilishe mkao kila kipindi: kiti, meza, kusimama.

Kahawa aliyokunywa saa 5 usiku inastahili kutajwa. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa takriban saa 5, ingawa watu hutofautiana sana. Kikombe hicho hakikumpa kasi, maana kati ya saa 4 na 9 usiku alisoma kurasa 20 tu kwa saa, lakini kilimfanya aahirishe kulala. Akaketi dakika 165 za saa hizo akiperuzi simu na kusoma tena ukurasa ule ule. Hapo ndipo panapohitaji uamuzi wa mapema. Ukisoma ukurasa mmoja mara tatu bila kujua umesema nini, kipindi kimekwisha. Ama simama utembee dakika 10, ama lala.

Kulala kuna njia mbili zinazofanya kazi. Usingizi wa dakika 20, kwenye kiti au juu ya zulia, viatu miguuni, taa ikiwaka, kengele upande wa pili wa chumba. Anayevumilia kahawa anaweza kuinywa mara tu kabla ya kulala huko kufupi, kwa kuwa huchukua kama nusu saa kuanza kufanya kazi. Au lala usingizi wa kweli, saa 4 au 5, na uuhesabu katika mpango. Alichofanya msomaji wetu kilikuwa katikati: kitandani, gizani, simu chini ya mto, saa 9:30 usiku, baada ya kuwa macho tangu alfajiri ya Jumamosi. Saa 9 hadi 11 usiku ndio wakati mwili unavuta usingizi kwa nguvu kuliko wakati wowote. Kengele ya chini ya mto huzimwa na mkono ambao akili yake haijaamka. Na hata anayefaulu kuamka katikati ya usingizi mzito hukaa nusu saa akiwa mzito wa kichwa, na atakachosoma hakibaki.

Siku ile ile, ikipangwa upya

Tuchukue mtu yule yule na saa zile zile 24. Usingizi saa 5, kuanzia saa 7 usiku hadi 12 asubuhi. Chakula na kuoga, saa 2. Zimebaki saa 17, sawa na dakika 1,020. Weka vipindi 15 vya dakika 45, kila kimoja kikifuatwa na mapumziko ya dakika 10, na mapumziko marefu matano ya nusu saa. Zinabaki dakika 45 za maswali matatu ya kikundi. Muda halisi wa kusoma ni saa 11 na dakika 15. Kwa wastani wa kurasa 33 kwa saa, unaopatikana rundo likipangwa vizuri, ni kurasa 371.

Amesoma kurasa 69 zaidi ya mara ya kwanza, na amelala nusu saa zaidi. Kurasa 371 zinatosha riwaya fupi ya kurasa 130, mkusanyiko wa hadithi wa 110, tamthilia ya 80, na diwani ya mashairi ya kurasa 51: vitabu vinne vilivyofungwa jalada. Lengo analopaswa kulitangaza mbele ya wenzake ni 340, ili dharura moja isimvunje moyo.

Kwa marathoni za kuchangisha fedha, ambapo wadhamini huahidi kiasi fulani, tunapendekeza ahadi ziwe kwa kipindi cha dakika 45 badala ya ukurasa. Ahadi kwa ukurasa humsukuma mtu kwenye vitabu vya herufi kubwa na kuruka aya, na humwonea anayesoma polepole, wakiwemo watoto na wanaojifunza kusoma ukubwani. Kipindi ni kile kile kwa wote.

Saa za mwisho wa usiku kundi huwa kimya, na ukimya huo huwatoa watu wengi. Waandaaji wawili wapangwe zamu kati ya saa 8 na 11 usiku, kazi yao iwe kumjibu kila anayeandika ndani ya dakika 10, kwa jina, wakitaja kitabu anachosoma. "Hongera, endelea" haimsaidii mtu. "Umefika pale mwalimu anapokuta barua?" inamrudisha kitabuni.

Na asubuhi ya Jumapili, aliyekesha asiendeshe gari. Kuwa macho saa 24 kunapunguza umakini kwa kiwango kinacholinganishwa na pombe ya asilimia 0.10 kwenye damu. Kama kuna hafla ya kufunga, iwekwe alasiri, washiriki wakiwa wameshalala, au ifanyike kwa simu.